Moshi wa Muadhini

Ukimtaja yule mzee mtaani kwetu Buyenzi, hata leo, wako watakaoanza na sauti yake na wako watakaoanza na moshi wa Ramadhani ile. Wale wa sauti wanampenda. Wale wa moshi wanajiona ndio wenye funguo za pepo. Mimi nawajua wote, kwa majina na kwa vipimo vya viuno, maana niliwashonea nguo miaka yote hiyo, cherehani yangu na benchi lake vikiwa kwenye baraza moja.

Jina lake silitaji. Sisi wenyewe tulimwita Muadhini tu, hata baada ya kunyang'anywa kazi hiyo, na yeye aliitika. Alizaliwa wapi na baba yake alikuwa nani, sikuwahi kumuuliza. Nyakati zile za vita swali kama hilo lilikuwa la kutisha, na jirani mwema aliliacha mdomoni. Nilichokijua kilinitosha: riziki yake ilitoka kwenye rejeta za magari alizoziba kwa risasi ya kuchomelea, heshima yake ilitoka kwenye adhana, na furaha yake, Mungu anisamehe, ilitoka kwenye viko vya tumbaku vilivyokwisha kutumika.

Na kiko ndicho kilichomkosesha adhana. Afadhali niseme mapema ili nisikuzungushe. Mwaka ule vita vilipokuwa vimeingia mjini kabisa, kulikuwa na mtu amefichwa katika chumba cha nyuma cha nyumba yake, na vijana wenye silaha waliokuwa wakimtafuta kwa sababu ya kabila lake wangempata wangemuua palepale. Nilijua kwa sababu ukuta uliotutenganisha ulikuwa wa matofali ya udongo, na mtu akikohoa upande wa pili ni kama amekohoa kwangu. Wengine mtaani hawakujua. Kwa hiyo unaponisikia namtania Muadhini hapa, kumbuka kwamba muda huo wote nilikuwa nimebana pumzi.

Sasa, viko. Muadhini hakuvuta. Alichukia moshi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua, akawa anawafukuza wavutaji barazani kwa kitambaa kama mtu anayefukuza nzi. "Enda na moshi yako kule garaje!" Lakini mpishi au mtunza bustani akileta kiko alichopewa na bosi wake, Muadhini aliacha rejeta ikivuja maji na kukipokea kwa mikono miwili. Vurugu zilipoanza, wageni wengi walifunga mizigo wakaondoka, na vitu walivyoviacha vikamwagika sokoni: sahani, viatu, mapazia, na humo ndani ya makasha, viko. Kimoja kilitoka kwa padri aliyefariki. Kingine kilikuwa cha daktari aliyekwenda kwao akakisahau mfukoni mwa koti kuukuu. Alivipata vikiwa vyeusi, vinanuka, midomo ya viko vyenyewe imegeuka rangi ya kijani ya maji yaliyotuama, na mimi nilishindwa kuelewa mtu anayetawadha mara zote zile kwa siku anavishikaje.

"Chombo haina dhambi, Mama Hadija," alikuwa akinijibu. "Dhambi iko na mutu."

Ukimtazama akifanya kazi, ulisahau kubishana naye. Kwanza alikwangua masizi ndani ya kikombe cha kiko kwa wembe aliouchonga kutoka kwenye springi ya gari, polepole, akizungusha kiko wala si mkono. Mabaki ya tumbaku aliyoyakuta humo hakuyatupa. Aliyaweka kwenye kopo la maziwa ya unga, akawa anayanyunyiza kwenye viota vya kuku wake, maana tumbaku inaua utitiri. Halafu alijaza kikombe chumvi, akadondoshea alkoli ya duka la dawa, akakiacha mpaka chumvi ikanywa uchafu wote na kuwa kahawia. Mdomo wa kiko alisugua kwa jivu, kisha mafuta. Penye alama za meno alipapitisha juu ya mshumaa, na mpira mgumu wa mdomo huo ulijiinua wenyewe taratibu, meno ya mtu yakafutika. Hapo ndipo alipokuwa akitabasamu. Mwisho alipaka nta, akafunga kiko katika kipande cha kitambaa na kukitundika msumarini chumba cha ndani, pamoja na wenzake. Vipande hivyo vya vitambaa vilitoka chini ya meza yangu na hakuniomba hata kimoja.

Alkoli ile ilimtesa. Mtu wa msikitini, na chupa! Aliinunua imefungwa magazeti, akaificha nyuma ya mtungi, na mtu akiingia, Muadhini alikaa mbele ya mtungi huo mpaka huyo aondoke. Nilimwambia anaificha vizuri sana kiasi kwamba yeyote atadhani anakunywa. Hakucheka. Alikuwa hacheki utani unaomhusu, ila wangu juu ya watu wengine ulimfurahisha mno.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Kanyosha, muuza maharage, aliyekuwa akivuta kiko chake kidogo cha mti tangu ujana, kama wanavyovuta mabibi wengi wa milimani. Alikileta kizibwe ufa. Muadhini alikiziba, akakiosha kwa chumvi, akafuta na alama za meno. Bibi aliporudi kukichukua alikitia mdomoni, akakitoa, akakitazama kama kimebadilishwa.

"Umeniondolea tabako yangu ya miaka yote," alisema. "Na mahali pa meno yangu pako wapi?"

"Nimekisafisha, mama."

"Nani alikuambia kiko yangu ni chafu?"

Bibi alimwacha Muadhini hapo ameduwaa. Kusafisha kupita kiasi ndiyo ilikuwa kasoro yake, na hakujifunza kwa yule bibi wala kwa mwingine. Chumvi ikikaa mno ndani ya mti inavimba, na mti unapasuka. Nilimwona akipasua viko viwili vizuri hivyohivyo, na kila mara akalaumu mti.

Sauti yake ilikuwa jambo jingine, na hapo hata mimi sina utani. Umeme ulipokatika, na siku zile ulikatika kila wakati, misikiti mingine ilinyamaza ikisubiri kipaza sauti, yeye akapanda ngazi akaadhini kwa kifua chake. Watu walimsikia mpaka Bwiza, mtaa wa jirani. Tulikuwa tukiipima siku yetu kwa sauti hiyo. Siku za ville morte, mji ukiamriwa ufungwe, mawe yakiwa yamepangwa barabarani na maduka yamefungwa, tukimsikia tulijua angalau njia ya kwenda msikitini imepitika na mtu aliyepita yuko hai. Nilikuwa nalala na hofu na kuamka na hofu, nasema kweli, lakini adhana yake ilinifanya niwashe jiko.

Na alijua. Alikuwa na maringo na sauti ile kama msichana na nywele zake. Alitafuna tangawizi, alifunga shingo kwa skafu wakati wa mvua, na akishuka msikitini alipita kwenye cherehani yangu akajifanya anatafuta kitu.

"Leo ilisikika?"

"Ilisikika, Muadhini."

"Pale mwisho nilivuta kidogo."

"Ulivuta vizuri."

Ukimsifia muadhini wa msikiti mwingine alinuna hadi kesho yake.

Jambo la mwisho la tabia yake, kisha niingie kwenye ile siku. Alikuwa hajui kusema uongo, na usidhani nampa sifa. Ulikuwa ukaidi mtupu. Mama mmoja alikuja kuchukua gauni la harusi la binti yake, akamuuliza Muadhini kwa adabu tu kama limependeza. Akamwambia upande wa kushoto umeshuka. Ulikuwa umeshuka kweli, lakini kwa kiasi ambacho ni yeye na Mwenyezi Mungu tu wangeona. Nilikaa muda mrefu simsemeshi. Hakuona kosa lake liko wapi.

Yule mtu aliyefichwa, ambaye nitamwita Mgeni, alikuwa mteja. Alikaa Kanyosha na alikuwa mtunza ghala kule eneo la viwanda, Zone Industrielle, mpole, anapenda kiko chake kuliko chakula. Alikileta mara moja tu kisafishwe. Muadhini akakisafisha kwa mtindo wake, chumvi ikakaa mno, kiko kikapasuka shingoni. Safari hii hakuweza kulaumu mti, mwenye kiko alikuwa amesimama pale anatazama. Kwa aibu alikata kipande cha shaba nyekundu kutoka kwenye bomba la rejeta ya lori, akakipinda kuwa pete, akaibana shingo ya kiko kwa ufundi ambao sijauona tena. Ilikuwa nzuri ajabu. Mgeni alifurahi, akakizungusha kiko mkononi, akawaonyesha wenzake kazini na majirani zake Kanyosha. Hakuna kiko kingine mjini kilichokuwa na pete kama ile, na huo ndio ulikuwa ubaya wake.

Siku vijana walipoingia mtaani kwake, nyumba kwa nyumba, yeye alikuwa ghalani. Mke na watoto alikwisha kuwapeleka kwao bara. Mwenzake wa kazi akamwambia asirudi nyumbani. Kutoka kule ghalani hadi Buyenzi ni mwendo wa miguu, na Buyenzi alimjua mtu mmoja. Alitokea barazani kwetu mchana, jasho linamtiririka, akasema amekuja kuulizia kiko. Kiko chenyewe hakuwa nacho, alikuwa amekiacha kitandani kwake. Muadhini alimtazama miguu. Alikuwa amevaa viatu tofauti, kila mguu na chake.

"Ingia ndani," alimwambia. "Kiko yako iko tayari."

Ndiyo, huo ulikuwa uongo, ndio pekee niliowahi kuusikia kwake, na nadhani ulimponyoka. Mgeni alikuwa wa kabila gani? Sitasema. Muadhini hakumuuliza, na mimi siwezi kumzidi adabu.

Wiki zikapita, Ramadhani ikaingia. Kuficha mtu mwezi wa Ramadhani katika mtaa wa Waislamu ni kazi ngumu usiyoweza kuidhania. Mchana huwezi kuwasha jiko, kila mtu atauliza unampikia nani. Mgeni alikula kiporo cha daku kilichopoa, nilichompitishia na vyombo vya Muadhini kana kwamba namwoshea. Kukohoa alijizuia. Kutembea alijizuia. Alichoshindwa ni tumbaku. Muadhini alikuwa amemnyang'anya ile aliyokuja nayo mfukoni, akaimwaga chooni, na mtu yule akawa anatetemeka humo ndani. Nilimsikia usiku na mchana akigeukageuka kwenye mkeka.

Halafu vijana wakaanza kuonekana kwenye magaraje yetu. Walikuwa wanaonyesha kitu na kuuliza. Nilikiona kwa mbali, pete ya shaba ikimeta, nikajikuta nimeshona mkono wa kanzu kwenye mfuko.

Walifika kwetu alasiri. Wawili, mmoja mrefu mwenye koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, mwingine kimya nyuma yake. Barazani tulikuwa watatu: mimi, nimetandaza kanzu nyeupe za Idi hadi mlangoni pa Muadhini kwa sababu meza haikutosha, Muadhini kwenye benchi, na mzee wa duka la spea la ng'ambo ya barabara, mwenyekiti wa kamati ya msikiti, mtu safi, mwema, asiyejua kunong'ona.

Mwenye koti alitoa kiko.

"Mzee, hii ni kazi yako?"

Muadhini alikipokea, akakigeuza. Nilimwomba Mungu akane, na nilijua hatakana.

"Ni yangu. Shaba hii ilitoka kwa rejeta."

"Mwenyewe unamujua?"

"Namujua. Alinileteaga kiko hapa."

"Sasa iko wapi?"

"Kijana, mi natengeneza kiko. Mutu akichukua kitu yake, namufuata njiani?"

"Sijakuuliza kama unamufuata. Nakuuliza iko wapi."

Muadhini akamrudishia kiko. Hapo ndipo harufu ilipotufikia. Ilipita juu ya bati, nzito, chungu, harufu ya tumbaku ya zamani iliyochacha. Nikajua mara moja ni nini. Mgeni alikuwa amegundua kopo la tumbaku ya kuku, na viko havikuwa haba humo ndani.

Mzee wa spea aliinua pua. "Astaghfirullah! Nani anavuta saa hii? Muadhini, moshi inatoka kwako!"

Maskini, hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amefunga, na harufu ilimuudhi.

"Kwake kuna nani?" mwenye koti akauliza.

"Hakuna mutu," mzee wa spea akamjibu. "Iko peke yake toka bibi yake alifariki."

"Kama iko peke yake, na yeye ndo huyu hapa, ni nani anavuta?"

Muadhini alisimama, akasema, "Ngojeni," akaruka kanzu zangu na kuingia ndani. Mwenye koti akamfuata. Alipoinua kiatu chake chenye matope juu ya zile kanzu nilipiga kelele ambayo mwenyewe sikuitarajia.

"We! Hizo ni nguo za Idi za watu! Unataka kunilipia sabuni? Vua viatu!"

Alisita. Sijui kwa nini alisita. Nadhani mama yake naye aliwahi kumpigia kelele namna ile. Aliinama akaanza kusogeza kanzu kwa ncha ya vidole, moja baada ya nyingine, nami nikawa naokota taratibu na kukunja, nikimwambia asichanganye mikono. Kabla hajamaliza, Muadhini akatokea mlangoni na kiko kingine mdomoni.

Kilikuwa kinawaka. Alivuta, moshi ukamwingia vibaya, akakohoa mpaka machozi yakamtoka na kulowesha ndevu. Akavuta tena.

"Ni mi navuta," alisema. "Mumeniona wote. Ni mi."

Na kweli alikuwa anavuta, mchana wa Ramadhani, mbele ya mwenyekiti wa kamati. Mzee wa spea alishika kichwa. Aliita jina la Mungu kwa sauti iliyowatoa mafundi chini ya magari. Watu wakaja, mmoja, watatu, garaje nzima, mikono ina grisi, wanauliza kuna nini, na waliokuwa mbele wakawaambia wa nyuma: Muadhini anavuta! Mmoja akatema mate. Mwingine, ambaye nilimshonea suti ya ndoa yake na hajawahi kufunga Ramadhani hata siku moja, akasema mzee kama huyu apigwe.

Mwenye koti la mvua alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. "Ndo sababu umekuwa muoga, mzee! Unaficha tumbaku!" Watu walikuwa wamejaa barazani, hawakuwa watu wa kwao, na hasira zao zilikuwa hazijapata mahali pa kutua. Yule mwenzake alimvuta mkono. Wakaondoka na kiko chao, wanacheka bado.

Nilitaka kupanda juu ya meza niwaambie wote pale wao ni nani na yeye ni nani. Nilikaa kwenye kiti, nikakanyaga cherehani, nikashona. Hasira ile ninayo hadi leo, na sijui niielekeze kwa nani.

Baadaye, watu walipotawanyika, nilisikia kupitia ukutani Mgeni akilia na kuomba radhi, anasema atajitokeza, atatoka, basi. Muadhini alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Umenimalizia dawa ya kuku," alimwambia. "Kaa chini."

Kesho yake kamati ilikuja, na niwe mkweli, walikuja kwa huruma. Mzee wa spea ndiye aliyesema.

"Muadhini, pengine ulikuwa unaumwa. Mugonjwa ameruhusiwa."

"Siumwi."

"Basi ulisahau. Mutu akisahau, Mungu anamusamehe."

"Sikusahau."

"Sema kitu, bwana! Tusaidie tukusaidie!"

Kusema asingeweza. Neno likimfikia mzee wa spea lilikuwa limefika dukani kwake, na dukani kwake walipita watu wa kila mtaa. Muadhini alitazama chini, akasema wafanye wanaloona sawa. Magharibi ile aliadhini kijana mwingine, kwa sauti nyembamba, akikimbilia mwisho. Muadhini alikuwa amekaa kwenye benchi na tende mkononi. Alisikiliza mpaka mwisho kabla ya kuila, na midomo yake ilikuwa ikienda.

Baada ya futari akawasha kiko, barazani, kila mtu anaona. Nilimwambia inatosha, wameshaamini.

"Mutu hawezi kuvuta siku moja tu, Mama Hadija. Watajiuliza."

Akavuta kila jioni hivyo, akikohoa, na Mgeni ndani akipata pumzi zake chache dirisha likiwa wazi, harufu moja ikifunika nyingine. Baada ya Idi lori la vyuma chakavu lilikuwa linakwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, kwa barabara ya Gatumba. Mgeni alipanda mchana kweupe, amevaa ovaroli ya Muadhini, uso umepakwa oili, amekaa juu ya rundo la rejeta mbovu kama fundi yeyote. Hazikupita siku nyingi, mama mmoja anayeleta ndagala, dagaa wa ziwani, akatuambia mtu wetu amevuka salama. Barua haikuja, wala salamu. Mimi nilinuna kwa niaba ya Muadhini, yeye hakulizungumza.

Vita viliendelea miaka mingine mingi. Muadhini aliziba rejeta, aliosha viko, aliswali safu ya mwisho kabisa karibu na viatu. Wako waliohama wasisimame begani kwake. Mafuta yalipopotea mjini na magari kusimama, nilidhani atakufa kwa njaa, lakini watu wa viko waliendelea kuja, wakamletea mchele. Na jioni alivuta. Sikulifikiria sana hilo. Niliona ni sehemu ya siri yetu, kama kufuli uliloacha mlangoni baada ya mali kuondolewa.

Mara ya mwisho tuliyozungumza vizuri, redio zilikuwa zinataja amani kila siku na watu walianza kuziamini kidogo. Kifua chake kilikuwa kibaya. Sauti ilikuwa imekwisha. Alikuwa akisema kama mtu anayekwangua sufuria. Niliacha cherehani nikaenda kukaa naye benchini, nikamwambia nimeamua. Hatari imepita. Nakwenda kwa mzee wa spea, namweleza kila kitu, na msikiti mzima utakuja kumwomba msamaha.

Alikuwa na kiko mkononi, kinawaka. Alikitazama.

"Utawaambia nini?"

"Ukweli. Kwamba ulivuta kwa ajili ya mutu."

"Siku ile ndiyo. Na siku zingine mpaka alipanda lori." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Kesho yake, lori imeshakwenda, nilivuta. Hiyo ilikuwa ya nani?"

Niligeuka nikakitazama kile kiko.

"Ilikuwa yangu, Mama Hadija. Niliipenda. Mpaka leo naipenda, na imekula sauti yangu. Sasa we unataka wanirudishe juu kwa hesabu nusu."

"Kwa hiyo umeridhika wakuite mwasi?"

"Nani amesema nimeridhika?" Macho yalimjaa maji, na safari hii hakukuwa na moshi usoni kwake. "Kila alfajiri nikimusikia yule mutoto anakimbiza adhana nataka kulia. Lakini ukisema, sema yote. Na ngoja nife kwanza, sitaki kuona nyuso zao."

Nilimwambia sawa, ingawa nilikasirika. Aliniuliza kama kitambaa kile cha bluu chini ya meza nina kazi nacho, nikamwambia achukue, kwa mara ya kwanza ameomba.

Alifariki mvua za kwanza zilipoanza. Kabla hajaoshwa nilivuka barabara hadi dukani. Mzee wa spea alikuwa amezeeka, anasikia kwa sikio moja, kwa hiyo ilinibidi niseme kwa nguvu yale niliyoyabana miaka yote hiyo: chumba cha nyuma, pete ya shaba, kopo la kuku, koti la mvua. Nilisema pia habari ya siku iliyofuata lori, kama nilivyoagizwa, wala sikuipunguza. Alinisikiliza ameshika ukingo wa kaunta. Nilipofika pale alipoinua pua na kupiga kelele kuhusu moshi, alifumba macho, na hakuyafumbua mpaka nimemaliza.

Nilitegemea ataniuliza kwa nini sikusema. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo, na maneno makali nilikuwa nayo.

"Yule mutu," alisema. "Alifika?"

"Alifika," nilimwambia.